Meza Hailiwi

Ukiwa na njaa, usikae meza moja na mwalimu wetu wa jioni. Nayasema haya kwa niaba ya tumbo langu. Siku moja tuliingia kwa mama ntilie karibu na stendi ya Korogwe, yeye, mimi na njaa yangu, tukaletewa wali maharage, bakuli la mchicha, kipande cha limau na glasi mbili za maji. Mimi nilishakunja mikono ya shati. Yeye akainua kidole. "Ngoja kwanza." Akaisogeza glasi kushoto. Akalisukuma limau mpaka likaingia kwenye kivuli cha glasi. Akainama usawa wa meza, akafumba jicho moja, akairudisha glasi kulia. Kisha akakilaza kijiko mpini wake ukitokeza nje ya ukingo wa meza. Kufikia hapo maharage yalishaota ngozi, na mchicha nadhani ulishaanza kuchipua upya.

"Mwalimu, chakula kinapoa," mama ntilie akamwambia.

"Acha kipoe, mama. Kikitoa moshi hakionekani vizuri."

"Kwani umekuja kukila au kukiposa?"

Ugonjwa huo aliupata kwa Mfaransa. Mfaransa mwenyewe alikuwa mpita njia tu, gari lake lilipasuka radieta barabara kuu, akakaa siku tatu nyumbani kwa mwalimu akisubiri kifaa kutoka Tanga. Kiingereza cha Mfaransa kilikuwa kibovu na cha mwalimu kilikuwa kimechoka, kwa hiyo siku tatu hizo waliongea kwa mikono kama watu wanaofukuza nyuki. Alipoondoka akamwachia kalenda ya ukutani aliyokuwa akimweleza, yenye picha kumi na mbili, zote za wachoraji wa zamani wa kwao. Hazina mtu hata mmoja. Ni vitu tu: mkate na kisu, sufuria la shaba, sungura aliyening'inizwa kwa mguu, mapichi kwenye kikapu, glasi ya maji na vitunguu saumu vitatu. Mimi nilipoanza masomo, mwaka wa kalenda ile ulishapita zamani sana, lakini mwalimu alikuwa bado anaigeuza kila tarehe mosi kwa heshima zote, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani.

Baadaye alinunua simu ya kupangusa, akasoma mwenyewe habari za picha zile, akagundua kwamba Mfaransa hakumdanganya ila mahali pawili patatu. Alifurahi wiki nzima. "Kumbe mikono yake ilikuwa inasema kweli," akawa anatuambia.

Alitufundisha Kiswahili na Historia, sisi watu wa QT, watu wazima tuliokwenda kutafuta cheti kuanzia saa kumi na moja jioni, baada ya kazi. Nikisimulia vijiweni huwa nasema tulikuwa themanini. Hapa naandika, acha niwe mkweli: tulikuwa kumi na mmoja. Kulikuwa na muuza nyama, kulikuwa na dada mmoja fundi cherehani aliyetoka Bungu kule milimani, kulikuwa na waendesha bodaboda wasiotulia, na mimi wa mashine ya kusaga, ambaye siku ya kwanza niliingia darasani moja kwa moja kutoka kazini, mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi ndala. Mwalimu akanitazama kwa muda. "Wewe umekuja kusoma," akaniuliza, "au umekuja kuchukua roho ya mtu?"

Namna yake ya kufundisha ilikuwa hivi. Mbele ya darasa paliwekwa meza moja. Kila jioni mmoja wetu aliipanga kwa vitu alivyovitoa nyumbani, na darasa zima likaisoma meza ile kabla ya kufungua daftari. Hiki kimewekwa hapa kwa nini? Mbona hiki kimepinduliwa? Nani alikuwa amekaa hapa, na ameondoka na nini moyoni? Ukishajibu hapo ndipo unaandika insha. Sheria ilikuwa moja tu, na aliiandika juu ya ubao kwa chaki nyekundu: MEZA HAILIWI. Aliiandika baada ya jioni ya kwanza, ambapo alipanga mkate wa boflo, mayai mawili ya kuchemsha na embe, akatoka kwenda kunawa mikono, akarudi akakuta maganda. Hakugomba. Alisimama, akayatazama maganda yale kwa makini, akasema, "Hii sasa ni picha ya pili. Inaitwa Watu Wasio na Aibu." Insha niliyoiandika jioni ile ndiyo ya kwanza maishani kunipatia alama nzuri.

"Wafaransa wanaziita picha hizi asili iliyokufa," alituambia. "Hapo ndugu zetu wamekosea. Vitu havijafa. Vimenyamaza, vinasubiri mtu wa kuviuliza."

Na kweli aliviuliza. Mwezi wa pili wa kalenda ulikuwa na fuvu la mtu, ua moja kwenye chupa na saa ya mchanga. Akatueleza kwamba watu wa kale walimtundikia tajiri picha kama hiyo ukutani ili kila akitoka kuhesabu mali akumbuke kuwa ataondoka, ua litanyauka na mchanga utaisha. Muuza nyama akainua mkono. "Mwalimu, mimi mafuvu ninayo mengi nyuma ya bucha. Ya ng'ombe."

"Na yanakwambia nini?"

"Yananiambia nifukuze mbwa."

Mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Kicheko chake kilikuwa na sauti ya mtu anayevuta gunia la kokoto, na mimi nashikilia kwamba kilisikika mpaka Hale.

Penye picha ya mkate na divai alimwachia chaki yule fundi cherehani. "Hii ni ya kwenu Wakristo, njoo utufundishe." Dada akasimama akaeleza habari za kanisani kwao Bungu, mkate na kikombe, taratibu, bila haraka, na mwalimu wetu, ambaye hakukosa msikitini Ijumaa hata moja, akakaa dawati la mbele akaandika kila neno, akanyoosha mkono kuuliza swali.

Lakini nisimfanye malaika. Mtu aliyejua siri ya kila kijiko cha Ufaransa hakujua miwani yake iko wapi, na mara nyingi ilikuwa juu ya kichwa chake. Alikuja darasani na kandambili ya bluu mguu mmoja na ya kijani mguu wa pili, na ukimwambia alisema amezipanga. Alituhubiria kwamba dunia ni povu la sabuni, kisha akatia sukari vijiko sita kwenye chai. Hilo povu nalo lilimponza: aliwahi kusimama mtoni kutazama povu la kina mama waliokuwa wakifua, akitikisa kichwa kwa huzuni, hadi mmoja akamwambia, "Mwalimu, kama umeguswa namna hiyo, shika hili shuka upande ule tulikamue." Akalishika.

Kwenye meza alikuwa na msimamo mkali juu ya kisu. Katika picha nyingi za kalenda ile, kisu kimelazwa ukingoni, mpini ukitokeza nje kama unataka kuanguka. Sisi tuliona ni uzembe. Yeye alisema hapana, huo ni mlango. "Mchoraji anakupa mpini. Anakwambia, na wewe mgeni nyoosha mkono, karibu ukate. Ukimwelekezea mtu makali umemfukuza. Ukimwelekezea mpini umemkaribisha." Tangu hapo muuza nyama akawa anawaelekezea wateja wake mpini wa panga, na wateja wakawa wanaogopa zaidi.

Zamu yangu ya kupanga meza ilipofika nilikuwa sina kitu, nikaenda na gunia tupu la mashineni. Gunia tupu halisimami, kwa hiyo nikalijaza magazeti. Mwalimu akalizunguka mara mbili. Hakuligusa. "Mwenye gunia hili," akasema, "anaogopa watu wajue kwamba bado hana kitu ndani. Mwambieni aliache lilale. Gunia tupu ndilo linalobeba." Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilitoa magazeti, nikalilaza. Nilikuwa nimefeli mitihani mara mbili, na sikuwa nimemwambia mtu.

Sasa kuna Mama Machungwa.

Mama Machungwa alikuwa Mzigua wa Handeni, mjane, mwenye meza ya machungwa chini ya dirisha la darasa letu. Chungwa alilimenya kwa kisu kidogo kilicholika hadi kubaki kama sindano, na ganda lilitoka utepe mmoja mrefu usiokatika. Mimi niliwahi kuona utepe uliofika Mombo. Kwa kuwa dirisha halikuwa na kioo, alisikia masomo yote. Aliyajua kuliko sisi. Mwalimu akiuliza, "Kwa nini mshumaa huu umezimwa?" na sisi tukaangalia dari, sauti ilipanda kutoka nje: "Kwa sababu mwenye nyumba ameshakufa, nyie. Si alisema juzi?"

"Asante, mama," mwalimu akajibu, na masikio yake yakabadilika rangi.

Kila mtu aliona. Mwalimu naye alikuwa mgane wa miaka mingi, na kila jioni kabla ya darasa alinunua chungwa moja kwa mazungumzo ya machungwa kumi. Waendesha bodaboda walianza kusema mambo ya posa. Kisha yakatokea ya mwezi wa saba.

Jumatatu, tarehe mosi, mwalimu aliigeuza kalenda, ikatokea picha ya limau lililomenywa nusu, utepe wa ganda ukining'inia nje ya meza. Akaisifia kama mtu anayesifia mtoto wake. Akasema hajawahi kuona kitu kizuri kama ganda lile, na angetamani kuwa nalo mezani kwake kila siku. Jumanne akatueleza maana yake: limau linavutia macho, ukilitia mdomoni linakunja uso. Maana yake mtu mzuri wa nje, mchachu wa ndani. Jumatano, tulipoingia, palikuwa na chungwa mezani. Limemenywa nusu. Utepe unaning'inia.

"Limetoka kwa nani?" akauliza.

"Kwa Mama Machungwa," tukasema, tukitabasamu kama wajinga.

Uso ulimshuka nikadhani miwani itaufuata. Yeye alihesabu hivi: mama amesikia somo la Jumanne, kama anavyosikia yote, na leo amemjibu kwa lugha ya Kifaransa kwamba yeye mwalimu ni mchachu. Ambacho hakukijua ni kwamba Jumanne Mama Machungwa hakuwapo. Alikuwa amekwenda Muheza kufuata mzigo. Alisikia la Jumatatu tu: kwamba mwalimu anatamani ganda lile mezani kwake kila siku. Basi akamletea, kila siku.

Sisi tulijua, maana Jumanne ile tulikosa machungwa. Lakini hebu niambie, utamwambiaje mtu wa umri wa baba yako habari za moyo wake? Ukishatoa shikamoo, sentensi ya pili inaanzaje? Tukanyamaza, na hilo ndilo jambo ninalolijutia kuliko kufeli Hisabati.

Mwalimu naye akajibu kwa Kifaransa hicho hicho. Aliweka juu ya meza ya machungwa mshumaa uliozimwa, akaenda zake. Maana yake: nimesikia, mimi mwenyewe ni mtu niliyekwisha. Jioni hiyo umeme ukakatika, na Mama Machungwa, masomo yote ya mishumaa yakiwa yamemtoka gizani, akasema, "Jamani, huyu baba ana huruma," akauwasha. Kesho yake mwalimu akauona umefupika nusu. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Ananiteketeza, na wala hafichi."

Ikawa hivyo wiki nyingi. Mwalimu akabadilisha njia, akawa anazunguka kwa reli asipite pale, akikanyaga kokoto na kandambili zake mbili za rangi mbili. Alikonda, nami nikisema alikonda nina maana upepo wa treni ulimyumbisha. Vijiko vya sukari vilishuka hadi viwili. Machungwa yale hakuyala; sheria ni sheria, na isitoshe aliyaogopa. Yalipangana dirishani yakikauka, kila moja na utepe wake. Na Mama Machungwa aliyaona yakikauka. Siku moja akamwambia fundi cherehani, "Mwambie mwalimu wenu darasa lake limekosa mama wa kulijibia. Nimemaliza Korogwe. Jumamosi naenda kwa dada yangu Handeni, nikauzie huko, kwa watu wanaokula."

Hapo ndipo tulipokaa kikao. Ijumaa ilikuwa jioni yetu ya mwisho kabla ya mtihani, ambapo tungeipanga meza ya mwisho. Kwa kuwa mdomo ulikuwa hauwezi, tukaamua meza imwambie. Fundi cherehani alikwenda kwa Mama Machungwa akamwomba tiketi ya basi ya Muheza, ambayo mama alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga na chenji zake na kuisahau. Ilikuwa na tarehe. Tukaweka tiketi, chungwa la siku ile lenye utepe, na kile kipisi cha mshumaa kilichobaki. Nikachaguliwa mimi kusimama kando, kwa sababu nilikuwa na uso wa kuaminika nikinawa.

Mwalimu akainama, akafumba jicho moja.

"Chungwa," akasema. "Hilo nalifahamu. Mtu mchachu. Mshumaa umebaki kidogo. Naam. Na tiketi. Tiketi ni safari. Mwanadamu ni abiria, atashuka. Wanangu, mmenipangia meza ya kufa kwangu. Ni nzuri. Nawashukuru."

Muuza nyama akalaza kichwa juu ya dawati. Nikasema, "Mwalimu, soma tarehe."

"Tarehe za kufa hazisomwi, mwanangu."

"Hii inasomwa," ikasema sauti ya dirishani.

Wote tukageuka. Mama Machungwa alikuwa amesimama, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Tulizoea sauti na kilemba. Kisu chake kilikuwa mkononi.

"Hiyo tiketi ni yangu. Ni ya Jumanne ya kwanza ya mwezi wa saba. Nilifuata mzigo Muheza, nikarudi na basi la mwisho. Hilo la mtu mchachu nalisikia leo."

Mwalimu aliichukua tiketi, akatafuta miwani, akaikuta kichwani, akasoma. Akasoma tena. Nilimwona akihesabu nyuma, Jumatano, Jumanne, Jumatatu, midomo ikicheza. Akayageukia machungwa makavu ya dirishani, yote yale, akayatazama kama mwanafunzi anayerudishiwa karatasi yenye makosa yake mekundu.

"Na mshumaa?" akauliza.

"Si ulinipa wa kuwashia?"

"Eh," mwalimu akasema. "Ndiyo. Wa kuwashia."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna darasa lililowahi kuliona. Alilitwaa chungwa kutoka mezani, chini ya maandishi yake mwenyewe mekundu, akaling'ata. Maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Tulisubiri. Mwendesha bodaboda mmoja alizima simu.

"Tamu," akasema.

"La Mkata hilo, la kwetu Handeni," akajibu Mama Machungwa. "Ya Muheza nawauzia watu wengine."

Jumamosi basi la Handeni liliondoka bila yeye.

Sherehe yao sitaielezea, maana nikianza nitasema pilau ilipikwa kwenye tangi la maji. Mtihani nilifaulu, Kiswahili kwa alama ya juu. Swali la insha lilitaka tueleze nyumba, nami nikaeleza meza. Gunia lile ninalo mpaka leo.

Juzi juzi nilikwenda kuwaona Mnyuzi, walikohamia kulima. Nilikuwa nimesikia kwamba macho yake yamefifia, sikujua kwa kiasi gani. Nilimkuta kibarazani, kandambili zote mbili za kijani. Nikajua kuna mtu anazipanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wa mashine. Nasikia harufu ya pumba." Akacheka, gunia lile la kokoto. "Nimebaki na mwanga na giza tu, basi. Kalenda ameniwekea ukutani, na tarehe mosi bado naigeuza. Niambie tu kama nimeitundika juu chini."

Alikuwa ameitundika juu chini. Nikamwambia iko sawasawa.

Mbele yake palikuwa na meza ndogo. "Haya," akasema, "nisomee. Mimi siioni, na huyu mama hanielezi, anasema nile tu."

Nikainama, nikafumba jicho moja. Vikombe viwili, vishikio vyote vimeelekea upande wake. Kijiko kimoja kwenye sukari, kimejazwa tayari. Sahani katikati, na juu yake chungwa lililomenywa nusu, utepe wa ganda ukishuka sahani, ukivuka meza, ukiishia ukingoni hasa mbele ya mkono wake wa kulia. Nikataka kuanza maneno makubwa ya uzuri na uchachu. Kabla sijafungua mdomo, mkono wake ukashuka ukingoni, ukaukuta utepe, vidole vikaufuata polepole, kama mtu anayeshika kamba ya kisima, hadi vikafika kwenye chungwa.

"Eh, unasemaje?" akaniuliza, akitafuna.

"Sina la kuongeza, Mwalimu."

Mama Machungwa akatoka ndani na chungwa la pili na kile kisu chake cha sindano. Akaviweka upande wangu wa meza, ganda halijaguswa, mpini ukitokeza nje.